Nina boksi la vitu vya mwenzangu aliyefariki, nataka kuvifanyia maonyesho. Niweke vyenyewe au?

fundi_wa_karatasi

Wadau habari zenu. Mimi ni msanii, nachora na kubandikabandika vitu, na ni kuchu, yaani napenda wanawake wenzangu, hilo niliseme mapema ili tusisumbuane mbele. Mwenzangu tuliishi naye miaka tisa, wanawake wawili nyumba moja, akafariki mwaka juzi. Ndugu zake walichukua karibu kila kitu, fanicha, simu, mpaka mashuka, mi nikabaki na boksi la viatu ambalo hawakulifungua. Ndani kuna miwani yake, kitana bado kina nywele, funguo mbili za nyumba tuliyohama zamani, sweta lililotoboka kiwiko, na kikaratasi cha manunuzi ameandika kwa mkono wake "vitunguu, sabuni, USISAHAU betri". Hiyo ya betri huwa inanimaliza.

Sasa nimepewa chumba kidogo nifanye maonyesho na sina kingine ninachotaka kukisema zaidi ya hilo boksi. Shida nikivipanga mezani vinakaa kama vielelezo vya polisi, mtu atapita ataona kitana basi. Alafu kuna maandishi ya ukutani, niandike nini? Kwenye mazishi nilitajwa kama "rafiki wa karibu wa marehemu", sitaki na mimi nijifanyie hivohivo kwa mkono wangu, ila pia sitaki mtu asome maisha yetu yote kabla hajaangalia chochote. Nyie mngefanyaje?

Pembe4

Pole sana dada yangu. Mtafute Felix Gonzalez-Torres kama hujawahi kumsoma, mzaliwa wa Cuba aliyekuwa anafanyia kazi New York. Mpenzi wake Ross Laycock alikufa kwa UKIMWI 1991 na mwaka huohuo jamaa akafanya kazi ya pipi, zile za kufungwa kwenye karatasi za kung'aa, rundo limemwagwa kwenye kona ya chumba, na jina la kazi linasema ni picha ya Ross. Uzito wake ni ratili 175, kama kilo 79 hivi, wengi wanausoma kama uzito wa Ross alipokuwa mzima. Unaruhusiwa kuokota moja ukala. Kwa hiyo rundo linakonda kidogokidogo kama alivyokonda mwenyewe, na linaweza kujazwa tena, na wewe umeondoka na kipande chake mdomoni.

Sasa angalia, pale hakuna hata kitu kimoja cha Ross! Pipi za kununua. Ana kazi nyingine ya saa mbili za ukutani, za kawaida kabisa, zimegusana, zinaanzishwa pamoja dakika moja halafu taratibu moja inaanza kuiacha nyingine kwa sababu betri hazichoki sawasawa. (Nilipofika kwenye kikaratasi chako cha betri nimeshtuka kidogo, sikufichi.) Ushauri wangu vitu vyake viache nyumbani, tafuta vya kufanana navyo. Huzuni yako usiiweke mahali mtu anaweza kuidondosha.

sindano_butu

Mi nakataa hapo Pembe. Kuna lile shuka kubwa la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI Marekani, lilitandikwa Washington Oktoba 1987, vipande 1,920 siku hiyo, kila kimoja futi 3 kwa 6, yaani ukubwa wa kaburi. Watu walishonea mashati ya marehemu humo, jinzi, barua, midoli. Vyenyewe, sio vya kufanana navyo! Ukiona kola iliyochakaa unajua kuna shingo ilikaa hapo, hiyo dukani huipati. Ila ilikuwa ni kushona, mtu alikaa na ile shati usiku kucha akiisumbua na sindano, na nadhani ndo kinachokosekana mezani kwako dada, umevipanga tu hujavifanyia kitu.

Zoe Leonard naye baada ya rafiki yake David Wojnarowicz kufariki 1992 alianza kushona maganda ya matunda yaliyokwishaliwa, machungwa, ndizi, anayarudishia umbo kwa uzi na zipu na vifungo. Yako makumbusho ya Philadelphia. Ilitafutwa namna ya kuyahifadhi yasioze, mwisho akaamua hapana, yaachwe yaendelee kunyauka yenyewe. Kitana chako mi nisingekisafisha.

mpita_njia77

Samahani sina ubaya na mtu, ila pipi kwenye kona nayo sanaa? Mi ningepita nikadhani zimemwagika.

Pembe4

@mpita_njia77 hujakosea sana, bila maneno ni pipi tu. 2022 makumbusho ya Chicago yenye hiyo kazi walibadilisha maandishi ya pembeni, Ross na UKIMWI havikutajwa, yakabaki mambo ya uzito na umbo. Watu wakalalamika mtandaoni mpaka wakayarudisha. Na jina la Ross lilikuwa bado lipo kwenye jina la kazi, lakini Ross ni nani kwa mtu anayepita? Anaweza kuwa mjomba. Ndo "rafiki wa karibu" hiyohiyo imevaa koti. Kwa hiyo dada, kwenye ukuta mwite alivyokuwa kwako, hata kama ni mstari mmoja. Kuhusu vitu, sindano_butu kanitikisa kidogo, nakubali.

sindano_butu

Na zile funguo ziwekee mlangoni, anayeingia anapewa mmoja aushike mpaka atoke. Ufunguo usiofungua popote ni mzito sana mkononi.

fundi_wa_karatasi

Nimesoma yote nikaenda kulala nikarudi. Sweta na kitana havitoki nyumbani, nimejaribu kufikiria mtu mwingine anavishika nikaona siwezi. Miwani nitaitundika urefu wa macho yake, alikuwa mfupi, wengi itabidi wainame. Funguo nakubali kama ulivyosema.

Kikaratasi nitakiweka pale, na mezani nitaacha karatasi tupu, kila anayeingia anakinakili kwa mkono wake, anabandika ukutani, anaondoka na kilichonakiliwa na mtu mwingine asiyemjua. Baada ya wiki nitakuwa na ukuta mzima wa watu wanaoambiana wasisahau betri kwa miandiko yao. Na maandishi yatakuwa jina lake, miaka yake, halafu "mke wangu". Hayo tu. Nimeyaandika hapa kwanza kuona kama mkono utatetemeka, umetetemeka.

mpita_njia77

Hiyo ya kunakili nimeielewa bila kuelezwa. Penseli nunua nyingi dada, watu huwa wanaondoka nazo.