Plagi za iridiamu: unalipia nini hasa?

MLETA MADA: Wakuu, msimamo wangu ni huu: plagi (kile kifaa kinachorusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini) ya bei kubwa, yenye ncha ya metali ya iridiamu, huilipii nguvu, unalipia umri. Anayedai gari lake limekuwa jepesi baada ya kufunga iridiamu, mwulizeni alitoa zipi. Kama za zamani zilishalika mpaka pengo (nafasi ambayo cheche huruka) likawa kama mlango, hata plagi mpya ya kawaida ingempa raha ileile.

Plagi tunayoiita ya shaba ina shaba kwenye kiini tu. Ncha yake ni aloi ya nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455, platinamu 1,768, iridiamu zaidi ya 2,400. Kwa ugumu huo, ncha ya iridiamu hutengenezwa nyembamba hadi milimita 0.4 au 0.6, wakati ya nikeli hufika 2.5. Ncha nyembamba hurusha cheche kwa volti chache na hukawia kulika. Ya kawaida huchoka kilomita 30,000 hadi 50,000 hivi. Iridiamu nyingi hupangiwa 100,000 au zaidi.

Kwa hiyo tazama plagi zako zimekaa wapi. Injini ya silinda nne, zote ziko juu: nusu saa umemaliza, nikeli inatosha. Lakini V6 (silinda sita, tatu kila upande) iliyolazwa kukingama, plagi tatu zikiwa nyuma kabisa, mara nyingi lazima manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) ing'olewe. Hapo ufundi unazidi bei ya plagi zenyewe. Nani anataka kurudia kazi hiyo mara tatu?

MCHANGIAJI WA 1: Umesahau koili, mkuu, ile inayoipa plagi umeme. Pengo likipanuka, koili inalazimika kusukuma volti nyingi zaidi, inachemka, mwisho inakufa. Na tuseme ukweli, nani kati yetu anakumbuka kubadilisha plagi kwa wakati? Tunangoja gari lianze kukosakosa. Kwa mtu msahaulifu, iridiamu ni bima.

MLETA MADA: Hapo umenishika. Mimi mwenyewe ni msahaulifu.

MCHANGIAJI WA 2: Mimi ni wa pikipiki. Plagi moja, iko nje inakutazama. Iridiamu ya nini?

MCHANGIAJI WA 3: Kitabu cha gari kimesema iridiamu, weka iridiamu. Kimesema nikeli, weka nikeli. Mnabishana nini?

MCHANGIAJI WA 4 (fundi): Huyo wa kitabu yuko sahihi kuliko anavyojua. Nimeona watu wananunua plagi ghali yenye namba ya joto (inayoonyesha plagi inavyoondoa joto) isiyo ya injini yao. NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Bosch ni kinyume. Ukichanganya hapo, plagi ikawa ya moto kupita kiasi, mafuta yanawaka kabla ya wakati na pistoni inaweza kutoboka. Iridiamu haitakuokoa.

Jambo la pili: injini inayokula oili huipaka plagi masizi bila kuuliza bei. Watu wengi wanakuja kwangu kutaka plagi bora wakati ugonjwa uko kwenye ringi za pistoni.

La tatu, bandia. Boksi linafanana, maandishi yanafanana, lakini ukiitoa ncha ni nene kama kidole. Ukikuta iridiamu kwa bei ya nikeli, umenunua nikeli.

MCHANGIAJI WA 1: Fundi, hizi za kilomita 100,000 unaziacha humo miaka yote bila kugusa? Nasikia zinagandia kwenye silinda hedi ya aluminiamu.

MCHANGIAJI WA 4 (fundi): Zinagandia kweli. Mimi huzifungua zikifika nusu ya umri wake nikazitazama. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nazirudisha. Pengo la iridiamu usilikorofishe kwa ile geji ya mviringo, ncha inakatika. Na injini iwe imepoa kabisa. Ukifungua ikiwa ya moto unaweza kutoka na nyuzi (zile za kukazia plagi) za hedi.

MCHANGIAJI WA 2: Ya kwangu naifungua nikisubiri chai ichemke.