Naomba ushauri: dawa ya kuzuia mishipa ya damu ya uvimbe

Wakuu, shikamooni. Mama ana saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini. Daktari anataka kuongeza bevasizumabu kwenye kemo. Dawa hiyo hukamata VEGF, protini ambayo uvimbe huitoa ili uotewe na mishipa ya damu ya kuulisha. Hadi hapo nimeelewa. Kinachoninyima usingizi ni kidonda cha upasuaji: pale chini ya kitovu bado kinatoa majimaji, na dawa hii huchelewesha kupona. Inatakiwa zipite angalau siku 28 tangu upasuaji kabla ya kuianza, tena kidonda kiwe kimefunga. Presha nayo anayo, na dawa huipandisha. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlianza na kemo peke yake? Mkojo ulipimwa protini mara kwa mara? Nimuulize daktari nini kingine kabla hatujasaini?