Msitu wa umma hurudishwaje baada ya kambi kubwa?

Muulizaji: Wanajukwaa, naomba kuelimishwa. Nchini Marekani, mkusanyiko wa Rainbow (kusanyiko huria la wapenda amani), ambao wa kwanza ulifanyika Colorado mwaka 1972, hupiga kambi kila Julai katika misitu ya taifa. Maelfu wakishaondoka, ardhi hurudishwaje katika hali yake?

Jibu la 1: Ndugu, takataka ndiyo kazi nyepesi. Kazi hasa ni udongo, kwa kuwa ukishashindiliwa na nyayo haupitishi maji wala mbegu haishiki mizizi. Hivyo wanaobaki nyuma huulegeza kwa sululu, husia mbegu za nyasi za asili ya mahali hapo, kisha hufunika vijia kwa matawi makavu ili mtu asivifuate tena.

Jibu la 2: Naongezea kwamba mashimo ya vyoo hufukiwa, na mawe ya mafiga hutawanywa, upande wenye masizi ukilazwa chini.

Jibu la 3: Kanuni za misitu hiyo hudai kibali kwa kundi la watu 75 au zaidi. Binafsi ningezuia kabisa mahema karibu na chemchemi, maana uoto wa kando ya maji hukawia kupona.