Roboti yangu ya nyoka inateleza kwenye mchikichi, naombeni ushauri

Mwana_Ujiji
Heshima kwenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa umeme, na mradi wangu ni roboti ya nyoka inayopanda mti. Nyumbani ni Kigoma na wazo limetoka huko: mwaka juzi kamba ilimkatikia mjomba juu ya mchikichi, mpaka leo nyonga haijakaa sawa. Nataka nyoka atangulie na kamera ndogo aangalie kama mkungu umeiva, mkwezi apande akiwa na uhakika.

Nimeunga mota 12 za MG996R (servo, mota inayogeuka kwa nyuzi unazoiamuru), kila pingili sentimita 8 na gramu 120 hivi, inaendeshwa na Arduino Uno, kibodi kidogo cha kompyuta kinachoamuru mota. Sakafuni inajipinda vizuri. Mtini inateleza hapo hapo, na mota zikianza pamoja Arduino inazima na kuwaka upya. Shina nililojaribia lina mzingo wa sentimita 160, nikadhani itajishika kwenye magutu ya makuti. Imebaki miezi miwili kuwasilisha. Vifaa nilinunua Kariakoo kwa hela ya boom (mkopo wa wanafunzi), siwezi kuanza upya.

Fundi_Waya
Mkuu, umeme wa mota unautoa wapi? Kama unapitia kwenye Arduino, tatizo la kuzima ni hilo. MG996R ikikwama kwa volti 6 inavuta mpaka ampea 2.5, zikikwama zote 12 ni ampea 30. Mota zipe betri yake, Arduino yake, ila waya za hasi ziungane, la sivyo mota zitatetemeka ovyo.

Na usimwinue kichwa kirefu. Mota hiyo inabeba kilo 11 kwenye mkono wa sentimita 1. Pingili 3 zikinyooka hewani zinadai kama kilo 4.3 kwa mkono huo huo wa sentimita 1, zikifika 5 zinadai kilo 12, mota inagoma.

Kaka_Tabora
Mdogo wangu, piga hesabu ya urefu. Pingili 12 ni sentimita 96, shina 160. Nyoka hamalizi hata mzunguko mmoja, ameegemea tu mti, hana cha kukaza. Kuzunguka mara moja na nusu kunataka pingili 30. Chukua bomba la maji taka la inchi 4: mzingo wake ni kama sentimita 35, atalizunguka zaidi ya mara mbili. Mwambie msimamizi wako sasa hivi kwamba utaonyesha kwenye bomba, usingoje siku ya kuwasilisha.

Halafu mwendo. Nahisi umempa mawimbi ya ubavuni ya nyoka wa ardhini. Hayo yanasukuma mbele pale tu tumbo lisipoteleza kwenda pembeni, ndiyo maana mtafiti Shigeo Hirose wa Tokyo aliifungia magurudumu madogo roboti yake ya mwaka 1972. Roboti ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, iliyopanda mti mwaka 2010, ilijizungusha kwenye shina, kisha mwili wote ukawa unabiringika. Umeshaona mzee anasokota kamba pajani? Kamba inabiringika huku inasogea. Kila mota igeuze nyuzi 90 na jirani yake. Za namba shufwa zipinde juu na chini, za witiri kushoto na kulia, wimbi la kundi moja litangulie jingine kwa robo mzunguko. Ukichelewesha kidogo kila pingili nyuma ya iliyo mbele yake, mwili unakaa kama skrubu.

Mvalishe tyubu ya baiskeli. Plastiki tupu haishiki.

Mama_Mawese
Mwanangu, pole kwa mjomba. Nimelelewa kwa mawese. Kuiva tunakujua chini: ngazi, yaani tunda za mchikichi, zikianza kudondoka shinani, mkungu uko tayari. Kinachoua wakwezi wetu ni nyigu na nyoka waliojificha kwenye makuti, mtu anashtuka akiwa juu na mikono inaachia kamba. Kamera yako iangalie hayo.

Mwana_Ujiji
Shikamoo mama. Hilo la nyigu mjomba amelithibitisha leo, ndilo lililomshtua kabla kamba haijakatika. Hakuwahi kunisimulia.

Kaka, mota zangu zote zilitazama upande mmoja, nimefungua na kugeuza sita. Betri nimetenganisha, Arduino haizimi tena. Jana usiku kwenye bomba imepanda kama sentimita 40 ikaanza kuteleza, mkia umelegea. Niongeze kiasi cha kujipinda kwenye pingili za mwisho peke yake, au mwili mzima?

Kaka_Tabora
Mwili mzima, kidogo kidogo. Gusa mota kila baada ya dakika mbili. Ikiunguza kidole, punguza.