Naomba ushauri: nyuki watoboa mbao wenye mabawa yaliyochakaa

Habari za leo wakuu. Nina shamba dogo la pasheni huku Lushoto, na wachavushaji wangu wakubwa ni wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao, wenye mikanda miwili ya njano mgongoni. Hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujichimbia tundu lake, hujaza chavua na nekta, hutaga, kisha huziba chumba kwa unga wa mbao.

Mwezi wa pili niliwatia majike tisa nukta ya rangi ya kucha mgongoni (mke wangu bado anaidai chupa yake). Sasa ni mwezi wa tano na ninawaona wanne tu. Ncha za mabawa yao zimechanika kama jani la mgomba lililopigwa na upepo, na wawili wanashinda mlangoni mwa tundu bila kwenda mauani. Nimesoma kwamba bawa likishachanika haliponi, na kwamba watafiti hukadiria umri kwa uchakavu huo.

Nimejaribu kufunga magogo makavu ya mkuyu karibu na kichanja, lakini hakuna aliyehamia.

Naomba kujua: huyo anayekaa mlangoni amezeeka, au analinda watoto? Na nguzo yenye matundu imeanza kuoza, nataka kuibadilisha. Niihamishe nzima kivulini, au nisubiri hadi wapya watoke? Kama ni kusubiri, ni wiki ngapi?

Natanguliza shukrani.