Naombeni ushauri: nyumbani gemu inaenda sawa, maabarani mchezaji anapenya ukuta

Kijana_Rongai: Wakuu, hamjambo. Niko mwaka wa tatu, na muhula huu tuna somo la kutengeneza gemu. Kazi ya tatu ni Alhamisi, na kila mtu atasimama mbele ya mwalimu aeleze kodi yake, yaani maandishi ya programu. Kwenye laptopu yangu mchezaji akigonga ukuta anasimama. Kwenye kompyuta za maabara anafyatuka, anapenya ukuta na kuanguka nje ya gemu. Nimekesha siku tatu. Je, nihame Unity, injini ninayotengenezea gemu, niende injini nyingine, Godot, ama niahirishe somo hadi mwaka ujao?

Kaka_Umoja: Godot, usiulize tena. Ni ya bure na nyepesi, hata laptopu kuukuu inaibeba.

Mama_Wawili: Mwanangu, umekula leo? Kifungua mimba wangu alikesha hivyo hivyo, akazirai kwenye matatu. Lala kwanza.

Mzee_wa_Kete: Mimi nilianza na bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna cha kuruka wala kuanguka. Msimu mzima wa mvua nilihangaika na kete za mwisho kutua shimo lisilo lake. Nilikuwa nahesabu kuanzia moja, kompyuta inaanzia sufuri! Vijana mnakimbilia kurusha risasi kabla ya kujua kuhesabu.

Fundi_Luthuli: Mdogo wangu, injini haina kosa. Tuwekee mstari unaomsogeza mchezaji.

Kijana_Rongai: Sina uhakika ni upi.

Fundi_Luthuli: Huna uhakika vipi, na kodi ni yako?

Kijana_Rongai: Sawa, wacha niseme. Kazi mbili za kwanza niliandikiwa. Nililipa 2,500 kila moja, na hii ya tatu imejengwa juu ya hizo. Msinihukumu, nafanya zamu ya usiku ili nilipe kodi ya nyumba. Huyo jamaa nimeshamtumia nusu ya pesa za hii pia, na tangu Jumamosi hapokei simu. Ndiyo maana naona kuahirisha ni bora.

Mama_Wawili: Haki ya Mungu! Na mzazi wako anauza ng'ombe akijua unasoma.

Kijana_Rongai: Mama, hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Najilipia mwenyewe.

Kaka_Umoja: Kumbe mchezaji anatoroka kumtafuta aliyemuandika 😂

Msomaji_Kimya: Mimi naona hii hadithi ni ya kutunga. Mtu wa mwaka wa tatu asijue mstari wa kusogeza mchezaji? Nyuzi za hivi huishia na namba ya mtu anayeuza kazi za wanafunzi. Ngojeni muone.

Kijana_Rongai: Siuzi kitu, ndugu. Nimesoma faili yote sasa hivi, nadhani ni huu, uko ndani ya Update:
`transform.position += dir * 0.1f;`

Fundi_Luthuli: Ndio huo. Update huitwa mara moja kwa kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini. Laptopu yako ikitoa fremu 25 kwa sekunde, mchezaji anapiga hatua 25. Maabarani zikiwa 200, anapiga hatua 200. Sasa, fizikia ya Unity ukiiacha ilivyokuja hukagua kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Nyumbani kila hatua inakaguliwa mara mbili. Maabarani anapiga hatua nne ndipo akaguliwe mara moja, na ukuta mwembamba ashauvuka. Msogeze kwa Rigidbody, kile kijenzi cha fizikia cha Unity, ndani ya FixedUpdate, inayoitwa kila fizikia inapokagua, na kasi uizidishe kwa Time.fixedDeltaTime, yaani hizo sekunde 0.02.

Msomaji_Kimya: Haya, kosa ni la kweli. Mwenyewe bado simwamini.

Kijana_Rongai: Fundi, hapo kwa hatua nne nimeelewa, hata nimechora kwenye karatasi. Nimefuta mstari, naandika upya mwenyewe. Nikiulizwa kuhusu zile kazi mbili za kwanza nitajibu nini?

Fundi_Luthuli: Mwambie mwalimu kabla hajakuuliza. Lete FixedUpdate yako nione.

Kijana_Rongai: Naileta. Stima imepotea huku, betri iko 31.