Silinda mpya ya kitasa: ndani inafungua, nje ufunguo haugeuki

MkaziTanga
Wakuu, naomba msaada. Nimebadilisha silinda ya kitasa (kile kipande kinachoingia ufunguo) cha mlango wa mbele. Mlango ni wa mbao, kitasa kimezamishwa ubavuni, silinda ina tundu la ufunguo pande zote mbili. Ya zamani ilikuwa na urefu wa milimita 70, nikanunua ya 70. Nikiishika mkononi, ufunguo unageuka laini kote kuwili. Nikiifunga mlangoni, ndani inafanya kazi, ila nje ufunguo unaingia na haugeuki. Funguo zote tatu ni hivyo hivyo, hata mlango ukiwa wazi. Je, silinda ni mbovu nikairudishe?

FundiVitasa
Usiirudishe kwanza. Hiyo 70 ni jumla tu. Silinda hupimwa kuanzia katikati ya tundu la skrubu (lile la chini ya kijino kinachozunguka) hadi ncha ya kila upande. Kwa hiyo 70 inaweza kuwa 35/35, 30/40 au 25/45. Skrubu ndiyo inayoamua silinda ikae wapi, huwezi kuisogeza nje wala ndani.

Ninachoshuku: upande wa nje ni mfupi, umezama nyuma ya bamba la mkono wa kitasa (kile chuma bapa kinachofunika mlango kuzunguka tundu la ufunguo). Kichwa cha ufunguo, pale unaposhika, kinagota kwenye bamba kabla ufunguo haujafika mwisho. Ukibakia hata milimita 2, pini za ndani (vijiti vidogo vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo) hazikai kwenye mstari wake na silinda haizunguki. Mkononi hakuna bamba, ndiyo maana inageuka.

Fungua mabamba yote mawili, acha silinda na skrubu yake, kisha jaribu nje. Ikigeuka, tatizo ni urefu. Halafu pima ile ya zamani kila upande.

Bisibisi5
Angalia pia skrubu. Ni M5 (unene wa milimita 5), na watu huikaza kupita kiasi. Silinda ni nyembamba sana hapo skrubu inapopita, ikivutwa upande mmoja inabana. Legeza nusu mzunguko ujaribu tena. Kwa kawaida hiyo hubana pande zote mbili, na wewe ndani ni sawa, kwa hiyo nakubaliana zaidi na fundi.

Nyunyizia na mafuta kidogo ya kupikia, husaidia.

FundiVitasa
Hapana, mafuta ya kupikia usiweke kabisa. Yanaganda, yanashika vumbi, na baada ya miezi michache pini zinanata. Silinda inataka unga mkavu wa grafiti; ukikosa, sugua penseli laini kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Wala usipige tupa ufunguo, utaharibu ambacho hakijaharibika.

MkaziTanga
Nimefungua mabamba, imegeuka! Ya zamani ni 40 nje na 30 ndani. Mpya ni 35/35. Nikikosa 40/30 dukani nifanyeje?

FundiVitasa
Basi ndivyo: milimita 5 zimezama nje. Omba 30/40. Yenye tundu la ufunguo kote kuwili unaweza kuigeuza, upande wa 40 ukae nje. Ile yenye kishikio cha kuzungusha kwa vidole haigeuziki, lazima useme dukani kishikio kiwe upande wa 30.

Ukikosa, chukua 40/40. Itachomoza milimita 10 ndani, haipendezi lakini inafanya kazi. Nje isichomoze zaidi ya milimita 3. Hapo sibembelezi: mwizi akiibana na koleo huikata palepale kwenye tundu la skrubu.

Kuichomoa: toa skrubu ndefu ya ubavuni, tia ufunguo upande wa ndani, geuza kidogo kama nyuzi 30 huku ukivuta polepole, mpaka kijino kijifiche ndani ya mwili wa silinda. Ikigoma, jaribu kugeuzia upande wa pili, usigonge na nyundo.

Kurudisha: skrubu ianze kwa vidole, mabamba yakae yakiwa yamelegea, ufunguo ugeuke kote kuwili, ndipo ukaze mabamba, na skrubu ya silinda iwe ya mwisho. Jaribu mlango ukiwa wazi kwanza. Ikifanya kazi wazi na kugoma ukifunga, silinda haina kosa: ulimi unagonga fremu, angalia bawaba zilizolegea.

Bisibisi5
Na usiku usiache ufunguo tunduni upande wa ndani. Silinda nyingi za kawaida, aliye nje hataweza kufungua hata akiwa na ufunguo sahihi.